Dawa za akili kwa watoto na vijana: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Marekani, na sehemu kubwa ya wateja wangu wanaozungumza Kiswahili ni familia kutoka Kongo. Wapo pia Warundi, Wakenya na Watanzania. Mzazi anapokabidhiwa kichupa chenye jina la mwanawe, na juu yake pameandikwa dawa ya akili, huwa na maswali ambayo hakuyauliza kwa daktari. Mengine aliona aibu. Mengine yalimjia akiwa kwenye basi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Daktari wa mtoto wako anamjua mtoto kuliko mimi, kwa hiyo chukua haya kama maandalizi ya kwenda kuzungumza naye.

Ni kweli watoto wanaopewa dawa hizi wanaongezeka, au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli, ingawa si kwa dawa zote. Kwa mujibu wa CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, mwaka 2016 watoto milioni 6.1 hivi wa Marekani walikuwa wamewahi kuambiwa wana ADHD, yaani lile tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia. Kufikia 2022 walikuwa milioni 7.1, sawa na 11.4% ya watoto wa miaka 3 hadi 17. Kati ya waliokuwa bado na tatizo hilo, zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanameza dawa.

Dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha (depression), nazo zimepanda. Uchambuzi wa rekodi za maduka ya dawa uliochapishwa 2024 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba kati ya Januari 2016 na Desemba 2022, kiwango cha vijana wa miaka 12 hadi 25 wanaochukua dawa hizo kila mwezi kilipanda kwa 66%. Baada ya Machi 2020 kasi iliongezeka, hasa kwa wasichana wa miaka 12 hadi 17. Kwa wavulana wa umri huohuo kiwango kilishuka, na sidhani ni kwa sababu walikuwa na furaha zaidi. Mvulana mwenye huzuni mara nyingi huonekana mkorofi tu, na shule zilipofungwa hakukuwa na mtu wa kumwona hata ukorofi wake.

Zile dawa nzito za saikosisi, yaani kuona au kusikia yasiyokuwepo, kama Risperdal, zilipanda sana miaka ya 2000, kisha zikapungua kwa watoto wadogo baada ya majimbo kuanza kudai vibali na kukagua. Kwa hiyo anayekwambia kila kitu kinapanda tu hajasoma vizuri.

Ugonjwa umeongezeka kweli, au madaktari wamekuwa wepesi wa kalamu?

Yote mawili yapo, na ndiyo maana watu wanabishana bila kumaliza.

Hali ya vijana imekuwa mbaya kweli. Oktoba 2021 vyama vya madaktari wa watoto na wa akili ya watoto nchini Marekani vilitangaza hali ya dharura ya kitaifa. Katika utafiti wa CDC wa mwaka huohuo kwa wanafunzi wa sekondari, wasichana 57 kati ya 100 walisema walikuwa na huzuni au kukata tamaa kwa muda mrefu. Huwezi kusema hao wote wamebuniwa na makampuni ya dawa.

Lakini angalia njia anayopita mtoto mpaka kufika kwangu. Anayeandika dawa mara nyingi ni daktari wa kawaida wa watoto, ambaye ana dakika chache na foleni nje ya mlango. Daktari bingwa wa akili ya watoto ni adimu: utafiti mmoja ulikuta kwamba mwaka 2016 kaunti 70 kati ya 100 za Marekani hazikuwa na hata mmoja. Mnasihi anayekubali bima ya serikali ana orodha ya kusubiri ya miezi. Kidonge kinapatikana leo saa kumi jioni.

Mimi sina ugomvi na kidonge. Ugomvi wangu ni pale kinapotolewa kwa sababu ndicho kilichopo, kisha kikaachwa kifanye kazi ya mnasihi, ya mwalimu na ya ufuatiliaji. Takwimu za 2022 zinaonyesha upande wa pili pia: karibu theluthi moja ya watoto wenye ADHD hawakuwa wanapata dawa wala tiba ya kitabia. Wapo wanaopewa bila kuhitaji na wapo wanaohitaji bila kupewa, na wanaweza kuwa wanasoma darasa moja.

Mwalimu amesema mtoto asiporudi na dawa hatampokea. Anaweza?

Hawezi. Sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, tangu marekebisho ya 2004, inakataza wafanyakazi wa shule za umma kumshurutisha mtoto kutumia dawa zilizo chini ya udhibiti maalumu, ambazo ndizo nyingi za ADHD, kama sharti la kusoma au kufanyiwa tathmini. Mwalimu ana haki ya kukwambia anachokiona darasani, na umsikilize, kwa sababu anaona watoto wengi. Kuamua dawa si kazi yake.

Unachoweza kufanya ni kuandika barua, hata ya mistari mitatu, ukiomba mtoto afanyiwe tathmini. Ni bure. Weka nakala na uandike tarehe.

Kabla hujakubali neno ADHD, uliza mtoto ana umri gani ukilinganisha na wenzake darasani. Utafiti uliochapishwa 2018 katika New England Journal of Medicine uliangalia majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ili aanze shule. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, waliambiwa wana ADHD kwa kiwango cha 85 kati ya 10,000. Waliozaliwa Septemba, wakubwa kabisa, 64. Mwezi wa kuzaliwa hausababishi ugonjwa. Kuna watoto walioandikiwa dawa kwa kosa la kuwa na miaka mitano wakati jirani yao ana sita.

Kwa familia zetu naongeza jambo ambalo fomu za shule haziulizi. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hajui Kiingereza, anapata usingizi wa saa nne tu kwa usiku kwa sababu ya ndoto za alichokiona njiani, atashindwa kukaa kitini. Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja naye hivyohivyo. Pima masikio, pima macho, eleza usingizi wake, eleza safari yenu. Daktari hawezi kukisia habari za vita kwa kumtazama mtoto usoni.

Hizo dawa za ADHD zinafanya kazi?

Kwa watoto wengi wenye tatizo hilo kweli, ndiyo, na haraka: siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo. Utafiti mkubwa ulioanza kutoa matokeo mwaka 1999, uliohusisha watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, ulikuta kwamba baada ya miezi 14 waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walitulia zaidi ya waliopata tiba ya kitabia peke yake. Wanaosifu dawa hukomea hapo. Watoto walewale walipoangaliwa tena baada ya miaka mitatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imeyeyuka.

Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unasema yaanze mafunzo kwa wazazi, namna ya kumwongoza mtoto mwenye hali hiyo, na dawa ifuate tu ikishindikana. Ukiandikiwa dawa kwa mtoto wa umri huo bila mtu kutaja mafunzo, una haki ya kuuliza kwa nini.

Madhara ya kawaida ya Ritalin, Adderall na ndugu zao: hamu ya chakula inapotea, usingizi unachelewa, na urefu unaweza kupungua kasi kidogo. Mlishe kabla ya kidonge cha asubuhi, chakula kizito, na usiku dawa ikishaisha nguvu mruhusu ale tena hata kama ni saa tatu. Daktari ampime uzito, urefu na shinikizo la damu kila anapomwona. Na vidonge vihesabu mwenyewe. Vijana wanauziana Adderall shuleni, na anayekuja kwangu kusema "zimepotea" huwa ni mama, si kijana.

Karatasi ya dawa ya sonona inasema mtoto anaweza kutaka kujiua. Sasa dawa gani hiyo?

Hili ndilo swali linalowatisha wazazi kuliko yote, na wana haki ya kutishika.

Onyo hilo lenye fremu nyeusi liliamriwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Oktoba 2004. Walikuwa wamekusanya majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Kati ya waliomeza dawa, takriban 4 kwa kila 100 walipata mawazo au vitendo vya kujiua. Kati ya waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani yake, 2 kwa 100. Hakuna aliyekufa katika majaribio hayo. Baadaye onyo likapanuliwa hadi vijana wa miaka 24.

Hatari hiyo ipo, ni ndogo, na huwa kubwa zaidi wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Sonona isiyotibiwa nayo inaua. Jaribio lililotolewa 2004 kwa vijana 439 wenye sonona lilionyesha kwamba baada ya wiki 12, kati ya waliopata Prozac, dawa ya sonona, pamoja na tiba ya mazungumzo, 71% walipata nafuu. Prozac peke yake 61%. Mazungumzo peke yake 43%. Kidonge kitupu 35%. Soma namba hizo mara mbili. Dawa ilisaidia. Dawa pamoja na mtu wa kuzungumza naye ilisaidia zaidi. Pia kijana mmoja kati ya watatu alipata nafuu bila dawa yoyote, ndiyo maana kwa sonona nyepesi daktari mwenye busara anaweza kusema tusubiri wiki chache huku tukimfuatilia.

Ukianza dawa, mwezi wa kwanza kaa naye karibu. Usingizi ukikatika ghafla, asipoweza kutulia mwilini, hasira mpya ikimpanda, akianza kugawa vitu vyake au kusema mngekuwa heri bila yeye, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo. Dawa zote za nyumbani, hata Panadol, zifungie. Kama kuna bunduki ndani ya nyumba, iondoke. Marekani namba ya dharura ya kujiua ni 988, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Uingereza piga 116 123.

Nimesikia makampuni ya dawa yaliwadanganya madaktari kuhusu watoto. Ni uzushi?

Si uzushi, kesi zilifika mahakamani na zimekwisha. Jaribio la Paxil, dawa ya sonona, kwa vijana, linalojulikana kama Study 329, lilichapishwa 2001 likidai dawa inafaa na ni salama. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya isitumiwe kutibu sonona kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2015 watafiti wengine walichambua upya data zilezile na kuchapisha katika jarida la tiba la BMJ: dawa haikuwa na faida iliyozidi kidonge kitupu, na madhara yalikuwa yamepunguzwa katika maandishi. Katikati ya hapo, 2012, GlaxoSmithKline, watengenezaji wa Paxil, ilikiri makosa na kukubali kulipa dola bilioni 3 kwa mashtaka kadhaa, likiwemo la kuitangaza Paxil kwa watoto bila idhini. Johnson & Johnson nao walikubali 2013 kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2, na Risperdal kwa watoto ilikuwa mojawapo ya sababu.

Kisha kuna habari ya ugonjwa wa hisia mbili, baipola, ambapo hisia hupanda na kushuka kupita kiasi. Ziara za watoto na vijana kwa madaktari wa Marekani zilizoandikwa baipola zilipanda takriban mara 40 kati ya 1994–95 na 2002–03. Ugonjwa wa asili haupandi hivyo kwa miaka minane. Mwaka 2008 Seneta Charles Grassley alifichua kwamba Joseph Biederman, daktari wa akili ya watoto wa Harvard, aliyekuwa mstari wa mbele kuueneza utambuzi huo kwa watoto, alipokea takriban dola milioni 1.6 kutoka makampuni ya dawa na nyingi hakuwa amezitaja kwa chuo chake.

Nayasema haya nikiwa nauza dawa hizohizo. Funzo nililolipata mimi ni kuuliza ushahidi wa kila dawa kwa jina lake na kwa umri wa mtoto. Prozac ina ushahidi na idhini ya kutibu sonona kuanzia miaka 8. Paxil haina idhini yoyote kwa watoto. Zote zinaitwa dawa za sonona.

Mwanangu ana usonji (autism), anajipiga na kupiga wenzake. Wamempa Risperdal. Niikubali?

Risperdal ina idhini ya FDA tangu 2006 kwa hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji kuanzia miaka 5, na Abilify, dawa ya kundi hilohilo, tangu 2009 kuanzia miaka 6. Haitibu usonji wenyewe. Inaweza kuipa nyumba utulivu wa kutosha ili mafunzo mengine yaanze, na nimeona wazazi waliorudi wakiwa wamelala usingizi wa kwanza kwa miezi.

Bei yake iko mwilini. Katika utafiti wa 2009 wa watoto na vijana 272 walioanza dawa za kundi hili, kwa wiki kama 11 tu waliotumia Zyprexa waliongezeka kilo 8.5 kwa wastani, Risperdal 5.3, Abilify 4.4. Mwili wa mtoto unaoongezeka kilo tano kwa miezi mitatu unaweza kuelekea kwenye kisukari. Risperdal inaweza pia kukuza matiti, hata kwa wavulana. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza mtoto apimwe uzito, sukari na mafuta ya damu, kisha arudiwe. Kama hakuna aliyechukua damu, dawa imeanzwa vibaya hata kama ni dawa sahihi. Jamii zetu humsifu mtoto aliyenenepa. Katika hili usifurahi.

Nikikataa dawa wataninyang'anya mtoto?

Kukataa dawa peke yake, ukiwa umesikiliza, umeuliza na unatafuta msaada mwingine, kwa kawaida hakuhesabiki kuwa umemtelekeza mtoto. Kinacholeta matatizo ni kupotea: kuacha kwenda miadi, kutojibu simu, huku mtoto akiwa ametamka kwamba atajiua. Sema: "Sijakataa, nataka maelezo zaidi, na nataka mnasihi." Omba liandikwe kwenye faili.

Ajabu ni kwamba waliopewa dawa nyingi kupita kiasi ni wale waliokuwa tayari mikononi mwa serikali. Ofisi ya ukaguzi ya bunge, GAO, iliangalia majimbo matano na kuripoti Desemba 2011 kwamba watoto wa malezi ya serikali walikuwa wakiandikiwa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 zaidi ya watoto wengine wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Wengine walikuwa kwenye dawa tano kwa pamoja, na hakuna ushahidi unaounga mkono dawa tano kwa mtoto. Kama unalea mtoto wa ndugu kupitia serikali, uliza nani ana mamlaka ya kukubali dawa. Jibu hutofautiana kwa jimbo.

Naweza kumwachisha kimyakimya?

Usifanye hivyo. Paxil ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani. Klonidini, dawa nyingine ya ADHD, ikikatwa ghafla inaweza kupandisha shinikizo la damu vibaya. Mwambie daktari unataka kupunguza, atakupa ratiba. Wengi hukubali upesi kuliko unavyodhani, na likizo ndefu ni wakati mzuri wa kujaribu.

Sisi tunaomba. Tumempeleka pia kwa mchungaji. Tuseme?

Semeni. Na kama kuna mitishamba anayokunywa, hiyo ndiyo muhimu zaidi kutaja, maana inaweza kugongana na dawa.

Daktari aliongea haraka na mtoto wangu ndiye aliyetafsiri. Ni sawa?

Si sawa, na kwa kituo kinachopokea fedha za serikali kuu ni kinyume cha kanuni za sheria ya afya ya 2010, isipokuwa kwa dharura. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ana kwa ana au kwa simu. Mtaje unapoweka miadi. Kijana wa miaka 14 hatamtafsiria mama yake maneno "nilitaka kufa" kama alivyoyasema.

Serikali ya Marekani yenyewe ilitoa ripoti ya kulaumu dawa hizi. Basi si yamekwisha?

Ripoti ya Mei 2025 ya tume ya MAHA (Make America Healthy Again), iliyoundwa na Rais Trump kuhusu afya ya watoto, iligusa jambo hili, na baadhi ya hoja zake ni za kweli. Waandishi wa habari wakagundua kwamba baadhi ya tafiti zilizotajwa ndani yake hazipo duniani, ikabidi irekebishwe. Isitumike kumwondolea mtoto dawa inayomfaa.

Tunakwenda nyumbani likizo. Dawa itapita uwanja wa ndege?

Ritalin na Adderall ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kila nchi ina masharti yake. Beba kiasi cha safari tu, kwenye kichupa cha duka chenye jina la mtoto, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na dozi. Kama utashuka na kutoka nje ya uwanja Dubai, omba kibali mtandaoni kabla ya safari. Nchi za Ghuba hazina mzaha na amfetamini. Usiweke kwenye begi la kupakiwa chini. Na uje kwangu wiki mbili kabla: dawa hizi hazirudiwi bila karatasi mpya ya daktari, na bima nyingi hazilipi mapema bila kuombwa.